Mwasumini Usiochanua: Mwongozo Kamili, Kutoka Kitawi Hadi Kikuba

Malalamiko mnayoniletea ni yale yale. Mwasumini umeshika, umepanda ukuta mpaka juu, majani tele, lakini maua ni ya kuhesabu kwa vidole. Au maua yapo, yamechumwa, yametungwa, na kabla bi harusi hajatolewa nje yameshageuka rangi ya chai. Wengine hata huko hawajafika: kila kitawi wanachochomeka kinakauka.

Visa vingi kati ya hivi vina chanzo kimoja, nacho ni huruma iliyozidi. Mche unamwagiliwa asubuhi na jioni, unatiwa samadi kila unapokumbukwa, unafichwa kivulini usije ukaungua, na hakuna anayethubutu kuukata. Mwasumini unataka kinyume chake: jua kali, chakula cha kiasi, na mkasi. Ua la asumini hutoka kwenye ncha ya tawi jipya. Mti usiokatwa hutoa matawi mapya machache, na pasipo tawi jipya hapana ua. Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu utaielewa bila kuukariri.

## Kabla ya yote: je, ni asumini yenyewe?

Naanza hapa kwa sababu kuna watu wanaotunza mmea mwingine kabisa wakidhani ni asumini.

Asumini inayotungwa koja (maua yaliyopangwa kwenye uzi) na vikuba (vishada vya maua na majani ya kunukia vinavyobandikwa kifuani au kwenye nywele) Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita *Jasminum sambac*. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, kila jani zima bila kugawika, linang'aa, umbo la yai. Maua huja kwa vishada vidogo, mara nyingi matatu matatu, na lile la katikati hutangulia kufunguka. Ukikata kitawi, hakitoi maziwa.

Kikitoa maziwa meupe, huo si mwasumini hata kama ua ni jeupe na muuzaji ameapa. Na ule mmea wenye vijiua vyembamba vya kijani-manjano vinavyonukia usiku peke yake, *Cestrum nocturnum*, ni sumu. Upandwe kwa harufu tu. Usitiwe kwenye chai wala kwenye mafuta. Asumini mwitu wa vichakani ni ndugu wa kweli, ila jani lake limegawika vijani 3 na ua lake jembamba halitungiki vizuri.

Jambo jingine la kuangalia dukani ni mkunjo wa ua. Kuna asumini yenye petali za safu moja au mbili, na kuna ile nene iliyojifunga kama waridi dogo, inayouzwa nchi nyingi kwa jina la Grand Duke of Tuscany. Hiyo nene ni nzuri kwa macho, lakini hukua polepole, hutoa maua machache, na si rahisi kuitunga. Anayetaka vikuba apande ya petali chache.

## Vifaa

Vya kupandia:

- Mkasi mkali wa kupogolea, au kisu, na spiriti ya kukifutia
- Mchanga wa mto. Wa pwani una chumvi, uache ulipo
- Unga wa makumbi ya nazi, uliolowekwa na kusuuzwa mara 2 au 3 ili chumvi itoke
- Mboji iliyoiva, isiyo na joto wala harufu ya choo
- Udongo mwekundu wa bara, hasa kama kwenu ni ardhi ya mawe ya matumbawe
- Kopo dogo la kuoteshea, kisha chungu au ndoo ya lita 20 yenye matundu chini
- Chupa ya plastiki ya lita 5 iliyokatwa kitako

Vya kutunzia: mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye namba zinazolingana (kama 17:17:17), sabuni ya maji, mafuta ya mwarobaini.

Vya kutungia: sindano ndefu nyembamba, uzi wa pamba, kitambaa safi cha pamba, kipande cha jani la mgomba, pini, mrehani, mkadi, na ukipata, petali za waridi, vilua au langilangi.

## Hatua ya 1: Kata kitawi kilichokomaa nusu

Usichukue ncha laini ya kijani, itaoza. Usichukue mti mkavu wa kahawia pia, kwani huchelewa mno kutoa mizizi. Tafuta tawi lililo katikati ya hali hizo: ukilipinda linagoma kidogo kabla ya kuvunjika, na ganda lake limeanza kupoteza ukijani.

Kata urefu wa sentimita 12 hadi 15, lenye vifundo 3 au 4. Kata chini kabisa ya kifundo, maana mizizi huanzia hapo. Ondoa majani yote ya chini, acha mawili ya juu, na hayo mawili yakate nusu. Kitawi hakina mizizi, hivyo kila jani zima linakipotezea maji ambayo hakiwezi kuyarudisha.

Kama kina tumba, litoe hata kama roho inauma. Tumba hula akiba ambayo ingetengeneza mizizi.

Kata vitawi 5 au 6, hata kama unataka mche mmoja. Si vyote vitakavyoshika.

## Hatua ya 2: Otesha, na usichungulie

Changanya mchanga wa mto na unga wa makumbi nusu kwa nusu. Usitie mbolea yoyote. Kidonda kibichi cha kitawi kikikutana na samadi huoza.

Toboa kwa kijiti kwanza, ndipo uingize kitawi mpaka vifundo 2 vifukiwe. Ukikisukuma moja kwa moja unachubua ganda. Shindilia kwa vidole, mwagia mara moja mpaka maji yatoke chini, kisha funika kwa ile chupa iliyokatwa ili unyevu ubaki ndani. Weka mahali penye mwanga lakini jua lisipige. Chini ya baraza panafaa.

Fungua kifuniko cha chupa kwa dakika chache kila siku. Mwagia pale tu mchanga unapoanza kukauka juu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Baada ya wiki 2 kitawi kinatoa kijani kipya, mtu anafurahi, anakihamisha juani, kesho yake kimelala. Kijani kile kilitoka kwenye akiba ya mti, mizizi bado. Subiri wiki 4 hadi 6. Kisha shika kitawi kwa vidole viwili uvute polepole sana: kikikataa kutoka, kimeshika. Kikija kama kilivyoingia, kirudishe na usiseme na mtu.

### Njia ya asiyekuwa na bahati na vitawi

Kama una jirani mwenye mwasumini mkubwa, laza tawi badala ya kukata. Chukua tawi refu la chini, lipinde hadi ardhini, kwangua ganda kidogo upande wa chini penye kifundo, fukia hapo kwa udongo wenye mboji, weka jiwe juu, acha ncha itokeze. Tawi linaendelea kulishwa na mama yake huku likitoa mizizi. Baada ya wiki 6 hadi 8 unalikata na kuondoka nalo. Kwa mtu anayeanza, mimi ningependekeza hii kuliko vitawi.

## Hatua ya 3: Hamisha bila kuruka saizi

Kutoka kopo dogo, nenda kwenye chungu cha upana wa sentimita 15, kisha miezi michache baadaye ndipo chungu kikubwa au ndoo ya lita 20. Mche mdogo ndani ya ndoo kubwa umezungukwa na udongo uliolowa ambao mizizi yake haiufikii, na udongo huo hugeuka tope linalooza.

Mchanganyiko: udongo mwekundu sehemu 2, mboji sehemu 1, mchanga wa mto sehemu 1. Chini ya chungu matundu yasipungue 4.

Anayepanda ardhini karibu na bahari ana kazi ya ziada. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huifunga madini ya chuma hata kama yamo. Dalili yake ni jani jipya kuwa la manjano huku mishipa ikibaki kijani. Chimba shimo la sentimita 50 kila upande, toa udongo wote, jaza mchanganyiko wetu. Na kama kisima chenu kina chumvi, kingo za majani zitaungua. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mche huu, au uumwagie maji mengi ya bomba kila baada ya muda ili chumvi ioshwe ishuke.

Utajua mche umekubali kwenu pale majani mapya yanapotoka na rangi ile ile ya yale ya zamani, si hafifu.

## Hatua ya 4: Jua na maji

Saa 6 za jua kwa siku ndiyo chini kabisa. Mwasumini uliowekwa chini ya mwembe utakupa majani mpaka uchoke. Kama una chungu, kisogeze. Kama umepanda ardhini na mwembe umekuwa mkubwa, punguza mwembe.

Maji: ingiza kidole hadi pingili ya pili. Pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini. Pabichi, ondoka. Wakati wa kaskazi chungu kinaweza kutaka maji kila siku. Masika kinaweza kukaa wiki bila kuguswa. Sahani ya chini ya chungu imwagwe, maana maji yaliyotuama huozesha mizizi na kuzalisha mbu.

## Hatua ya 5: Kata

Hii ndiyo hatua inayogawa watu wenye maua na watu wenye majani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuna ukataji wa namna 3, na kila mmoja una wakati wake.

Kudokoa ncha. Mche ukifika sentimita 20 hadi 25, dokoa ncha kwa kucha. Kifundo kilicho chini ya ncha kina macho mawili, kila upande moja, na yote mawili huamka. Tawi 1 linakuwa 2. Hayo yakiwa na jozi 3 za majani, yadokoe tena. Fanya hivyo mpaka mche uwe kichaka kifupi chenye ncha nyingi. Kila ncha ni mahali ambapo ua linaweza kukaa; mche mrefu wenye matawi 3 una nafasi 3 tu. Miezi hii ya mwanzo hutapata maua ya maana, na ndivyo inavyotakiwa.

Kukata baada ya kuchanua. Kishada kikimaliza, usiache ile mifuko mitupu ikakauke mtini. Kata tawi lile chini ya kishada, jozi 1 au 2 za majani kushuka. Chipukizi zitakazotoka hapo ndizo zitakazobeba mkupuo unaofuata.

Kukata kwa mwaka. Mara moja kwa mwaka, kata kichaka kizima. Wakulima wa asumini wa Tamil Nadu, India, ambako eneo la Madurai limejengewa jina na ua hili, hukata miti yao hadi kama sentimita 50 kutoka ardhini kila mwisho wa Novemba. Hao wanaishi kwa kuuza maua kwa uzani. Wangekuwa wanapoteza wasingefanya. Kwetu pwani, wakati mzuri ni kusi inapomalizika, mwezi wa Septemba, ili mvua za vuli na joto linalofuata vikute macho yameamka. Kwa chungu, kata nusu ya urefu au theluthi mbili. Toa kabisa matawi makavu, membamba mno, na yanayosuguana katikati.

Siku chache kabla ya kukata kwa mwaka, punguza maji. Ukishakata, mwagia vizuri na ulishe.

Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhama mti mmoja kwenda mwingine. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya kifundo. Na usikate mti ulionyauka kwa kiu. Urudishe hali kwanza.

Sasa faida ambayo wengi hawaitumii: mkasi ndio kalenda yako. Kwa joto la pwani, kutoka kukata hadi maua kufunguka ni kawaida wiki 6 hadi 8. Harusi ikiwa tarehe 20 Desemba, kata wiki ya mwisho ya Oktoba. Mwenye vyungu 3 asivikate siku moja. Aache siku 10 kati ya kimoja na kingine, ili mvua ikivuruga mkupuo mmoja, mwingine uwe njiani.

Umefaulu kama ndani ya wiki 2 hivi vifundo vilivyo chini ya makovu vimetoa chipukizi mbili mbili, nyekundu-nyekundu au kijani hafifu, kote kichakani na si juu peke yake.

## Hatua ya 6: Lisha kwa kiasi

Samadi ya kuku mbichi na urea ndizo zinazotengeneza ile miasumini mirefu mizuri isiyo na ua. Zina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hujenga majani.

Kwa ndoo ya lita 20, kijiko 1 cha chai cha NPK 17:17:17 kila wiki 4 kinatosha, kikizungushwa pembezoni mwa chungu mbali na shina, juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa. Mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi. Mara moja katika miezi 3 ongeza kiganja cha mboji juu.

Kama mche wako tayari ni wa majani tu, simamisha mbolea yote kwa wiki 6, usogeze juani, na ukate. Usinunue dawa ya kuchanulisha kabla ya kufanya hayo matatu.

## Hatua ya 7: Chunguza matumba

Wadudu wa majani ni wa kawaida na si wa kuogopesha. Inzi weupe na vidung'ata huondoka kwa maji yenye sabuni, kijiko 1 cha chai kwa lita 1, ukipuliza jioni chini ya majani na kurudia baada ya siku 5. Utitiri mwekundu huja wakati wa vumbi na ukavu. Utauona kwa utando mwembamba na vidoa vya rangi hafifu juu ya jani. Osha majani kwa maji yenye nguvu, kisha mafuta ya mwarobaini.

Wanaokula maua ndio wabaya. Tumba likigeuka waridi au zambarau kabla ya kufunguka na kudondoka, lipasue kwenye kitako: ukiona vifunza vidogo sana, ni watoto wa kiinzi kinachotaga ndani ya tumba. Tumba lenye tundu na uchafu wa punje punje limeingiwa na kiwavi. Kwa wote wawili dawa ya juu juu haifiki ndani. Chuma matumba yote yaliyoathirika, okota yaliyodondoka, yafunge kwenye mfuko wa plastiki uanikwe juani siku kadhaa, au uyachome. Usiyatupe kwenye mboji. Vifunza vile hushuka udongoni kukua, kwa hiyo kukwangua udongo wa juu na kuubadilisha kunasaidia.

Usipulize chochote kwenye matumba yatakayovaliwa au kuliwa.

## Hatua ya 8: Chuma alasiri

Anayechuma asumini asubuhi kwa ajili ya usiku anachuma maua ya jana. Asumini hufunguka kuanzia machweo, hunukia zaidi usiku, na kesho yake huanza kuchoka. Kwa hiyo kinachochumwa ni tumba, na muda ni alasiri ya siku hiyo hiyo, kati ya saa 9 na saa 11.

Tumba linalofaa ni hili: limejaa, limekuwa jeupe kabisa mpaka kwenye mrija, ncha bado imefumba. Lenye ukijani halijafika. Ukilichuma leo halitafunguka kamwe. Lililoachia ncha hata kidogo litakuwa limechoka kabla ya isha. Ukitazama kishada cha matatu, mara nyingi la kati ndilo tayari, na wenzake wawili ni wa kesho na kesho kutwa. Usivunje kishada kizima kwa pupa.

Shika kwa kucha chini ya mrija, pindua kidogo, linatoka. Usibane tumba lenyewe: petali ikifinywa hubaki na alama ambayo baada ya saa moja inakuwa kahawia. Hii ndiyo sababu kubwa ya makoja yanayoharibika mapema. Joto hulaumiwa bure.

Weka matumba kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, juu ya jani la mgomba, safu moja au mbili. Usiyatumbukize majini, wala usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki yakiwa mabichi, yatajipika. Ikibidi yakae hadi kesho, yafunge kwenye kitambaa hicho, ndani ya chombo chenye kifuniko kisichokaza, kwenye rafu ya chini ya friji, mbali na ndizi na maembe yaliyoiva. Yatapungua harufu kidogo, lakini yatafunguka.

## Hatua ya 9: Tunga koja

Lowesha uzi wa pamba kwanza. Uzi mkavu unakwaruza, na wa nailoni unakata mrija.

Kwa koja la nywele la urefu wa shibiri moja, andaa kama matumba 60. Shika hivi: kidole gumba na cha shahada vinashika tumba kwa kitako chake, sindano inapita katikati ya mrija kwa upande, si kupitia kichwa. La kwanza linatazama kulia, la pili kushoto, la tatu kulia. Kila baada ya matumba 10, yasukume taratibu kwa ubapa wa kidole mpaka yagusane. Yakibanwa mno yatafungukia wapi? Yakilegea, koja linaonyesha uzi. Acha nafasi ya unene wa uzi wenyewe.

Funga fundo mwisho, acha shibiri moja ya uzi kila upande kwa kufungia.

Koja zuri likiinuliwa juu linaning'inia sawa, halijipindi upande mmoja. Likijipinda, umesahau kubadilisha upande mahali fulani.

## Hatua ya 10: Jenga kikuba

Kila mji una mkono wake, na wazee wa Lamu na wa Unguja hawatakubaliana nami wala wao kwa wao. Huu ni msingi ambao mtu anaweza kuanzia.

1. Chukua jani la ndani la ua la mkadi, lile jeupe-manjano. Kingo zake zina vimiba vidogo. Zikate zote kwa mkasi, la sivyo bibi atajikuna shughuli nzima. Kunja kwa urefu lipate upana wa vidole viwili na urefu wa kidole cha kati.

2. Juu yake laza vitawi 3 vya mrehani, ncha zikitokeza juu kidogo. Mrehani ndio unaobeba harufu ya mwanzo, kwa sababu asumini bado imelala.

3. Weka petali za waridi, au kilua kimoja, au langilangi moja. Kimoja kati ya hivyo kinatosha. Vikichanganywa vyote, asumini hainuki tena.

4. Tunga nyuzi 3 fupi za asumini, matumba 10 hadi 12 kila moja, uzilaze juu sambamba, na uzishone kwenye mkadi juu na chini. Sindano ipite kwenye mkadi, si kwenye ua.

5. Zungusha uzi kwenye kitako mara kadhaa, funga, kata vikonyo vilivyozidi. Pini ipite kwenye mkadi uliokunjwa.

Marashi, kama unataka, yaguse mrehani na mkadi peke yake, tena tone moja au mawili. Marashi yenye spiriti yakigusa petali ya asumini yanaiunguza papo hapo. Na usikifukize kikuba udi: moshi wa moto utakipika. Fukiza nguo kwanza, kikuba kije mwisho.

Kimalizike kabla ya magharibi, kikae kwenye sinia chini ya kitambaa chenye unyevu, na kibandikwe kifuani au kwenye nywele dakika za mwisho. Ukivaa matumba yamefumba na ukisikia harufu inaongezeka kadiri ukumbi unavyojaa, ulichuma vizuri. Maua ya kutandaza kitandani nayo yawe matumba, yamwagwe jioni ile ile, na shuka yawe ya rangi nyeusi kidogo au ya zamani, kwa sababu asumini iliyolaliwa huacha madoa.

Kesho yake asumini itakuwa imekwisha kazi, itupe. Mkadi uanike kivulini, ukikauka uweke katikati ya nguo kabatini.

## Maua yaliyobaki: mafuta na chai

Mafuta: kikombe 1 cha mafuta ya nazi yaliyo maji maji, kwenye chupa ya mdomo mpana. Jioni tia konzi moja ya matumba mabichi yasiyo na tone la maji juu yake, yaliyo tayari kufunguka. Asubuhi yachuje, kamua kidogo, na jioni tia mapya. Rudia siku 5 hadi 7. Kosa la kawaida ni kuacha maua yale yale wiki nzima: yanaoza, maji yake yanaingia kwenye mafuta, yanachacha. Na usichemshe. Yakiganda kwa baridi, simamisha chupa kwenye maji ya vuguvugu, basi.

Chai: laza majani makavu ya chai na matumba tabaka kwa tabaka usiku kucha ndani ya bakuli lililofunikwa, asubuhi ondoa maua, anika chai ipoteze unyevu. Ndiyo njia ya Fuzhou, China, ila wenyewe hurudia kwa maua mapya mara kadhaa. Tumia asumini isiyopulizwa dawa.

## Kwa walio mbali na pwani

Nairobi na miji mingine ya juu, mwasumini unaishi lakini hulala miezi ya Juni hadi Agosti. Uweke mbele ya ukuta unaotazama kaskazini, maana miezi hiyo jua liko upande huo, punguza maji, na usikate mpaka Septemba. Hesabu ya kukata hadi kuchanua irefushe. Wiki 8 ni matumaini, 10 ni kawaida.

Muscat na Ghuba kwa jumla, tatizo ni jua la kiangazi. Lipige asubuhi, kivuli kuanzia adhuhuri, na chungu kisiwe cheusi wala cha bati kwani mizizi itaiva. Funika udongo kwa makumbi.

Ulaya na Amerika Kaskazini, ndani ya nyumba kabla nyuzi joto hazijashuka hadi 10, kwenye dirisha lenye jua kuliko yote, mbali na kipasha joto. Hewa kavu ya ndani huleta utitiri, kwa hiyo osha majani bafuni kila wiki. Kata mwezi wa Machi, utoe nje kidogo kidogo baridi ikiisha, saa chache kwa siku kwa muda wa wiki nzima, kwa sababu jani lililokulia ndani huungua likikutana na jua la nje siku moja.